Pole Yetu Huishia Wapi?

Ukikaa kwenye steji ya Lodwar asubuhi, kabla jua halijaanza kuuchoma mchanga, utalisikia neno moja mara nyingi kuliko jina la mji wowote ambao makanga wanaunadi. Mama anashuka kwenye matatu ya Kitale, mtoto mgongoni, anakosea hatua, goti linagonga jiwe. Kabla hajainuka, midomo kumi imeshasema: "Pole! Pole mama!" Mmoja ni Mturkana anayeuza samaki, mwingine Msomali mwenye duka, wa tatu ni mwalimu kutoka Bungoma anayengoja gari la Lokichar. Hakuna aliyemsukuma wala anayemjua. Lakini wote wamekunja uso kidogo, kana kwamba goti lililogonga jiwe lilikuwa lao.

Neno hilo nilikuwa nimelizoea hata silisikii tena. Lililonizindua ni siku ambayo halikusemwa. Tulikuwa tunarudi Lodwar kutoka Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, safari ya kilomita 120 hivi. Kwenye kizuizi, abiria mmoja, kijana mwembamba mwenye begi la shule, aliulizwa kibali cha mkimbizi cha kusafiri nje ya kambi. Hakuwa nacho. Akashushwa. Alibaki kando ya lami na begi lake, jua la saa saba likimpiga utosini, nasi tukaondoka. Gari lilijaa watu wema, wengine nawajua kwa majina. Hakuna aliyesema pole. Nami sikusema.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia nani hupewa pole na nani hunyimwa, na nimefikia msimamo huu: huruma ni kisima, huchimbwa. Ubongo wa binadamu huzaliwa na uwezo wa kuonja uchungu wa mwingine, lakini hufunzwa ni nani wa kumwonjea, na mwalimu wake mkuu ni kupokeana: leo nimekufaa, kesho umenifaa. Tukitaka Mturkana na mkimbizi wasikilizane, au Kenya nzima iisikilize Turkana, tupunguze imani yetu katika picha za njaa na hotuba za upendo. Tujenge maisha ambayo ndani yake watu wanahitajiana.

Maumivu na uchungu

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa sana hapa. Maumivu ni ya mwili: mwiba umenichoma, mguu unauma. Uchungu huenda mbali zaidi. Ni ladha ya mwarobaini ulimini, na ni hali ya mama aliyefiwa na mwana.

Mwaka 2004, mtafiti Tania Singer na wenzake mjini London waliwaalika wanawake 16 pamoja na wapenzi wao. Mwanamke alilazwa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, mwenziwe akaketi kando. Umeme kidogo wenye kuuma ulipitishwa mara kwenye mkono wa mwanamke, mara kwenye mkono wa mwanamume, na alama ikamjulisha mwanamke ni zamu ya nani.

Zamu ilipokuwa yake, ubongo uliamka kotekote: sehemu zinazopima kitu kimechoma wapi na kwa nguvu gani, na sehemu zinazobeba ubaya wa kuchomwa. Zamu ilipokuwa ya mpenzi wake, zile za kwanza zilinyamaza, lakini za pili ziliamka vilevile, kana kwamba aliyechomwa ni yeye. Moja ya hizo ni insula, kipande cha ubongo kilichojikunja ndani, usawa wa masikio. Na insula hiyohiyo ndiyo inayoshiriki kutambua ladha ya tunachokula. Wahenga wetu hawakuwa na mashine, lakini ladha ya mwarobaini na huzuni ya msiba waliziita kwa jina moja. Maumivu ya mwenzio hayahamii mwilini mwako. Uchungu wake unaweza kuhamia.

Kuna njia ya pili ya kumfikia mwingine. Rebecca Saxe, mtafiti anayefanya kazi Marekani, ameonyesha sehemu nyuma na juu ya sikio la kulia inayofanya kazi pale tunapowaza mwingine anawaza nini: anajua nini, anaogopa nini, ametumaini nini. Njia hii ni ya fikra. Haihitaji machozi, na hufika mahali ambapo insula imelala. Wahenga wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kweli. Lakini unaweza kumuuliza aliyekilalia.

Bawabu mlangoni

Ikiwa sote tumepewa kipaji hiki, mbona matatu ilinyamaza?

Mwaka 2009, watafiti mjini Beijing waliwaonyesha Wachina na Wazungu picha za nyuso zikichomwa sindano shavuni. Kila kundi lilipouona uso wa watu wake, sehemu ya ubongo inayobeba uchungu iliitika kwa nguvu. Ulipotokea uso wa watu wengine, mwitikio ulipungua. Mwaka uliofuata, Grit Hein, Singer na wenzao huko Zurich walifanya jaribio kama hilo kwa mashabiki wa mpira. Shabiki alimtazama mwenzake wa timu moja akiumizwa, kisha shabiki wa timu pinzani, na akapewa nafasi ya kujitolea kubeba nusu ya maumivu yao. Insula ilipoitika kwa nguvu, mtu alijitolea. Lakini waliowadharau wapinzani wao, baadhi yao walionyesha mwamko katika sehemu inayohusika na raha, na hao ndio waliokataa kusaidia. Msomaji anayezijua mechi za Gor Mahia na AFC Leopards hahitaji maelezo zaidi.

Kwa hiyo kabla uchungu haujaingia, mlangoni kuna bawabu anayeuliza: huyu ni wetu? Anauliza upesi mno hata hatusikii swali lenyewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na kazi ya bawabu ni kuamua nani leo ni nguruwe. Tumemwona kazini kwenye barabara ya Kainuk, ambako kwa miaka mingi mama wa Kiturkana na mama wa Kipokot wamewazika wana wao pande mbili za mpaka mmoja, kila mmoja akiamini kwamba kilio cha ng'ambo ni kilio cha kujitakia.

Ardhi hii yetu inamfahamu bawabu huyo tangu zamani. Nataruk, kusini magharibi mwa Ziwa Turkana, watafiti wakiongozwa na Marta Mirazón Lahr walifukua mifupa ya watu wasiopungua 27 waliokufa miaka 10,000 hivi iliyopita. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2016. Kadhaa walikuwa na alama za kupigwa na kuchomwa kwa silaha. Mmoja alikuwa mwanamke mwenye mimba kubwa, na jinsi mikono yake ilivyokaa inaashiria huenda alifungwa.

Lakini ng'ambo ya ziwa hilohilo, Koobi Fora, mwaka 1973 Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la ajabu la kuona mifupa ya kale, aliipata mifupa ya mwanamke aliyeishi miaka milioni 1.7 hivi iliyopita. Ilikuwa na dalili za ugonjwa mkali. Wanasayansi wamebishana kuhusu chanzo chake, lakini Alan Walker na wenzake walitoa hoja ambayo siwezi kuisahau: mgonjwa wa namna hiyo asingeishi muda wa kutosha mifupa yake kubadilika, kama hapakuwa na wa kumletea maji na kumlinda na fisi. Kama hoja hiyo ni sahihi, basi pwani moja ya ziwa inatunza kumbukumbu ya mauaji, na pwani nyingine kumbukumbu ya mtu aliyeuguzwa. Ubongo wetu umebeba pwani zote mbili. Swali ni sisi tunaulisha upande upi.

Picha za njaa zimetufikisha wapi?

Jibu ambalo Kenya imelizoea ni picha. Mwaka 2011, ukame ulipoibana Turkana, runinga zilionyesha wazee waliobaki mifupa na watoto wenye macho makubwa. Nchi ililia. Kampeni ya Kenyans for Kenya ikaanzishwa, ikalenga kukusanya shilingi milioni 500, na wananchi wakalivuka lengo hilo, wengi kwa kutuma kidogo walichokuwa nacho kupitia simu. Ulikuwa wakati wa fahari, na sitaki kuutia doa. Watu waliokula unga ulionunuliwa kwa fedha hizo wapo hai.

Lakini picha ina ugonjwa wake. Mwaka 2007, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha utafiti ambamo watu waliombwa kuchangia chakula. Waliosoma habari za mtoto mmoja wa Mali, Rokia, msichana wa miaka saba, walitoa zaidi. Waliopewa takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa kidogo. Na waliopewa Rokia pamoja na takwimu? Mikono yao ilirudi nyuma. Ubongo humwona mmoja. Wengi huwageuza ukungu.

Fikiria sasa miaka kumi na kitu ya picha zilezile. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, mifugo ikafa, na picha zikarudi. Je, nchi ililia kama ilivyolia 2011? Tunajua haikulia. Mtoto wa Turkana aliyekonda amekuwa kama bango la barabarani: unapita, huligeukii. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na moyo hufa kwa kuonyeshwa kilekile bila kupewa la kufanya.

Gharama ya pili huwaangukia wanafunzi wetu. Kijana wa Lodwar akienda chuo kikuu Nairobi au Eldoret, swali la kwanza analokutana nalo ni kama kwao watu bado wanakufa njaa. Hilo si swali la huruma. Ni swali la mtu anayeangalia chini. Huruma inayotazama chini haimpi mwingine nafasi ya kukufaa na wewe siku moja, na pale ambapo mmoja hutoa daima na mwingine hupokea daima, bawabu hajifunzi kitu.

Kuni kwa unga

Bawabu hufunzwaje? Hein aliyewapima mashabiki wa mpira alirudi kwenye swali hilo, na mwaka 2016 yeye na wenzake walichapisha jibu. Waliwapima Waswisi kwanza, wakaona ubongo wao ukiitika kidogo kwa uchungu wa watu wenye asili ya nchi za Balkan. Kisha Mswisi akawekwa mahali pa kusubiri kuumizwa, na mgeni mwenye asili hiyo akatoa fedha zake ili kumwokoa. Mara chache tu za kuokolewa hivyo zilitosha. Ubongo wa Mswisi ulianza kuitikia uchungu wa mgeni yule, na pia uchungu wa wengine wa jamii yake ambao hawakumfanyia lolote.

Nikisoma hayo, ninaona soko la Kakuma. Kambi hii ilianza mwaka 1992, walipofika vijana waliotembea kutoka Sudan wakipitia Ethiopia. Leo Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei zina watu laki tatu hivi. Kila alfajiri, mama wa Kiturkana anavuka laga ya Tarach, mto wa msimu, na mzigo wa kuni au gunia la mkaa, anaingia kambini, anabisha kwenye mlango wa mabati. Anayefungua ni mama wa Sudan Kusini, wa Kongo, wa Burundi au wa Somalia. Kuni zinaingia, unga au maharagwe yanatoka. Wanabishana bei, wanaulizana habari za watoto. Siku mama wa kuni hajafika, mwenye mlango anauliza kulikoni. Siku mwenye mlango hana kitu, anaambiwa utalipa wiki ijayo. Hilo ndilo darasa la bawabu, na halina mwalimu wala kitabu.

Faida yake imeonekana hata mwilini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima akiba ya mafuta chini ya ngozi ya Waturkana wa sehemu mbalimbali za kaunti. Wanaoishi jirani na kambi walikuwa na akiba kubwa zaidi. Shirika la fedha la IFC nalo, mwaka huohuo, lilikadiria uchumi wa Kakuma kuwa dola milioni 56 kwa mwaka, na biashara zaidi ya 2,000. Tuliambiwa mkimbizi ni mdomo wa kulishwa. Kumbe alikuwa pia mnunuzi, na mama wa kuni alikuwa muuzaji wake.

Ndiyo maana yaliyotokea mwaka 2025 yaniuma mara mbili. Fedha za wafadhili zilipungua, mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ukakatwa vibaya, na watu wa Kakuma wakaandamana. Mwezi wa Agosti familia zikaanza kutengwa katika makundi kulingana na uhitaji, na baadhi zikaambiwa hazitapata kitu tena. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na walioamua hayo wako mbali na chungu chochote cha hapa. Lakini sisi wa Lodwar, tuliliona kuwa letu? Wengi tulisema hayo ni mambo ya kambini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi hesabu rahisi: unga ukikosekana nyuma ya mlango wa mabati, mama anayebisha na kuni zake anarudi nazo kichwani. Sufuria ya mkimbizi na chungu cha Mturkana hukaa juu ya mafiga yaleyale.

Tulichokijua tangu zamani

Kuna atakayesema nimeleta elimu ya Zurich kuwafundisha Waturkana. La. Elimu hii ni yao. Philip Gulliver, aliyeandika kuhusu mifugo ya Waturkana mwaka 1955, alieleza jinsi mfugaji anavyowapa marafiki walio mbali baadhi ya wanyama wake, na wao wakampa wao. Ukame ukipiga huku, kule kuna mtu anayekujua. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Mturkana hakungoja dhiki ifike ndipo atafute rafiki.

Na ipo Lokiriama, magharibi mwa Lodwar, karibu na mpaka wa Uganda. Hapo mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja, upande wa Uganda, watu waliokuwa wameibiana ng'ombe na kuuana, walikubaliana kuzika silaha. Kila mwaka watu hukusanyika pale kuikumbuka siku hiyo. Amani hiyo imetikiswa zaidi ya mara moja. Mwaka 2023 Rais wa Uganda alitoa amri kali dhidi ya wafugaji wa Turkana wenye silaha walioko nchini mwake. Bado, ukame ukizidi, mifugo ya Turkana huvuka kwenda Karamoja kwa sababu kuna majani, maji, na watu wa pande zote mbili wanaokumbuka walikopeshana nini. Walichozika Lokiriama ni silaha. Kilichowaunganisha ni malisho.

Na uchungu wa mwenyeji?

Mtu wa Kakuma mjini ana haki ya kuniuliza: je, miti yetu iliyokwisha? Maji ya laga? Kazi za mashirika ambazo vijana wetu huzikosa? Kijana wangu naye anahitaji zahanati. Ni maswali ya kweli, na anayeyapuuza akihubiri huruma anaharibu kazi. Mwenyeji aliyeona malori ya msaada yakipita mlangoni kwake mwaka hata mwaka bila kusimama, bawabu wake amefunzwa somo baya, tena si yeye aliyelichagua.

Ndiyo sababu ninasema jibu liko katika vitu vya pamoja. Kalobeyei ilianzishwa kwa wazo hilo, kwamba mkimbizi na mwenyeji wasome shule moja, watibiwe zahanati moja, wauziane sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 na mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, zinaelekea hukohuko. Nawaomba viongozi wa kaunti, wa Nairobi na wa mashirika wazipime ahadi hizo kwa maswali madogo. Foleni ya bomba ina watu wa pande zote mbili? Dawati moja darasani linakaliwa na mtoto wa Kakuma mjini na mtoto wa Juba? Mama wa kuni anaweza kupata mkopo wa kuanzisha duka kando ya duka la Mkongo? Na yule kijana mwenye begi anaweza kufika Lodwar kufanya mtihani au kutafuta kazi bila kushushwa njiani? Mtu aliyefungiwa kambini hawezi kukufaa hata akitaka. Tunamnyima nafasi ya kutufaa, kisha tunamlaumu kwa kuwa mzigo.

Kwenye nyumba zetu, kazi ni ndogo na ngumu. Mtoto akisema "wale wakimbizi", muulize yupi. Anaitwa nani? Alikula nini jana? Ubongo unaomjua mmoja kwa jina huanza kuuona ukungu ukikatika. Tukikosa machozi, tuitumie ile njia ya fikra. Inatosha kuanzia.

Wiki hii nitapita tena kwenye kizuizi kile. Huenda atashushwa mwingine. Sina mamlaka ya kuifuta sheria nikiwa kwenye kiti cha matatu, wala pole haigeuki kibali. Lakini nitafungua dirisha nilitamke neno hilo kwa sauti, abiria wote walisikie, na nitampa chupa yangu ya maji. Nitafurahi nikisikia mdomo wa pili nyuma yangu.